Nimeambiwa niskani mafaili yote, kisha nisaini kwamba karatasi zimeteketezwa

Shikamoo Mama Mshauri.

Mimi ni mama wa watoto wawili, umri wangu miaka 38. Ni katibu muhtasi kwenye ofisi ya mawakili katikati ya jiji, si mbali na Posta. Ofisi yenyewe ni ndogo: mawakili wawili, mimi, kijana wa kupeleka nyaraka mahakamani, na mzee wa masijala. Ukichapisha barua hii nakuomba mtaa usiutaje.

Wakili mwenye ofisi ni mtu mzima sana. Tangu afya yake iyumbe anaingia kazini mara chache, na mambo mengi yanaendeshwa na binti yake, ambaye naye ni wakili. Siwezi kumsema vibaya. Ni mchapakazi, hana dharau, na tangu ashike yeye mshahara unatoka kwa wakati. Tatizo limeanza mwenye jengo alipopandisha kodi. Binti ameamua tuhamie Mikocheni, kwenye ofisi ya chumba kimoja na sehemu ya mapokezi. Makabati yetu manne ya chuma hayana pa kukaa kule, wala maboksi yaliyopangwa juu yake, ambayo mengine yana karatasi za enzi za taipureta na kaboni.

Kwa hiyo anataka kila kitu kiskaniwe kabla ya kuhama, halafu karatasi ziondoke. Aliuliza bei kwenye kampuni moja inayofanya kazi hiyo akaona ni kubwa mno. Sasa ameongea na vijana wa stesheneri iliyo chini ya jengo letu. Watachukua mafaili jioni, watayaskani usiku, asubuhi wanarudisha pamoja na flashi. Mimi nitayapandisha yote kwenye akaunti yake binafsi ya barua pepe, ile ya bure, na sisi wote tutatumia paswadi moja. Kuhusu karatasi, kijana mmoja anasema ana mtu anayenunua makaratasi kwa kilo. Mama, wewe ni mtu wa Dar, unajua makaratasi ya kilo yanaishia wapi. Mimi mwenyewe niliwahi kununua karanga kituo cha daladala, nilipomaliza kula nikaona zimefungwa kwenye kipande cha hati ya kiapo. Jina la mtu lilikuwa linasomeka, mhuri pia.

Mimi ndiye niliyepewa kusimamia zoezi lote. Mwishoni kuna karatasi ya kusaini, tayari imechapwa: "Nathibitisha kwamba mafaili yote ya ofisi yamenakiliwa kikamilifu na nakala za karatasi zimeteketezwa." Chini kuna jina langu peke yake.

Humo kwenye makabati kuna vitu vizito. Kuna wosia za watu ambao bado wako hai. Kuna hati za nyumba ambazo wenyewe walizileta kesi zilipoanza na hawajazifuata. Kuna mirathi za familia za Temeke na Magomeni ambazo ndugu hawasalimiani mpaka leo. Wateja wengine ni majirani zangu.

Halafu kuna mzee wa masijala. Namwita Baba. Alisomea utunzaji wa kumbukumbu Tabora, akatumikia serikali mpaka akastaafu, ndipo akaja kwetu. Nilipoanza kazi sikujua hata kufungua faili jipya. Kila ninachokijua kuhusu mafaili amenifundisha yeye. Mteja akiingia baada ya miaka mingi, Baba anamtazama, anasema, "Wewe ulikuja na shemeji yako, ile kesi ya shamba la Mkuranga," anakwenda moja kwa moja kwenye droo. Aliposikia habari za kuskani alisema karatasi zikitoka humu na yeye anatoka nazo. Binti ameniita pembeni akaniambia kwamba kweli, zoezi likiisha nafasi ya masijala haitakuwepo tena, na mimi nitapanda kuwa msimamizi wa ofisi, na mshahara utaongezeka. Mwanangu wa kwanza anaingia kidato cha tano. Hiyo pesa naihitaji.

Mimi sikatai kompyuta. Ninachoogopa ni kwamba nikikubali, ninamtoa kazini mtu aliyenilea. Nikikataa, nitaonekana mtu wa kurudisha ofisi nyuma, na kazi atapewa mwingine asiyejua hata faili lipi ni la nani. Baba siku hizi ananiitikia salamu kwa mkato, nadhani amesikia kuhusu cheo. Je, nisaini? Nimfuate Wakili mzee nyumbani kwake? Na Baba nimwambie nini?

Wa Katikati, Dar es Salaam


MAMA MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa huo mzigo, na ahsante kwa kuueleza kwa utulivu bila kumchafua mtu. Nimeona ulivyomsemea vizuri hata yule ambaye uamuzi wake unakunyima usingizi.

Nikikusoma vizuri, umepewa kazi inayoitwa kuskani, lakini ndani yake kuna mambo matatu yaliyofungwa pamoja. Kuna kunakili karatasi ziingie kwenye kompyuta. Kuna kuharibu karatasi. Na kuna ajira ya mzee wa masijala. Binti wa Wakili anayaona kama jambo moja kwa sababu tarehe ya kuhama inamkimbiza, na naona na wewe umeanza kuyaona hivyohivyo, ndiyo maana kila mlango unaoujaribu unauona umefungwa. Naomba tuyafungue moja baada ya jingine, kwa sababu unaweza ukawa na jibu tofauti kwa kila moja.

Nianze kwa kumtetea binti kidogo, maana hayupo hapa kujitetea. Nadhani wewe na Baba mnaamini kwamba karatasi zikikaa kabatini ziko salama. Je, ni kweli? Soko la Kariakoo liliungua usiku wa Julai 10, 2021. Novemba 16, 2024 ghorofa liliporomoka hapohapo Kariakoo, na watu walipoteza maisha. Kwenye majanga kama hayo daftari la madeni, mikataba na leseni huondoka pamoja na mali. Hata bila janga, jiji letu lina joto na unyevu wa bahari, lina masika, lina mchwa na panya. Fungua faili lolote lenye risiti za mashine za kodi (EFD) za miaka michache iliyopita uone: karatasi ile huandikwa kwa joto, maandishi yake yanafifia mpaka unabaki na kikaratasi cheupe. Risiti kama hizo ni za kuskani leo, si kesho. Mahakama nayo imekwishahamia huko. Kanuni za kufungua mashauri kwa njia ya kielektroniki zilitoka mwaka 2018. Ofisi ya wakili isiyo na mafaili yake kwenye kompyuta itakuwa inahangaika kila siku. Kwa hiyo kuskani kwenyewe, mwanangu, sioni kama kuna wa kukulaumu ukikufanya vizuri.

Tatizo liko kwenye hilo neno vizuri.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali kumbukumbu za kielektroniki kama ushahidi. Lakini mahakama inapopima uzito wa kumbukumbu hiyo inatazama ilitengenezwaje, ilihifadhiwaje, na kama kuna njia ya kuaminika ya kuonyesha kwamba haikubadilishwa. Hebu jiweke kizimbani. Umeulizwa nani aliskani mkataba huu, wapi, na baada ya hapo ulikaa wapi. Ukijibu kwamba uliskaniwa usiku kwenye stesheneri na watu usiowajua vizuri, ukaletwa kwa flashi, ukawekwa mahali ambapo kila mtu ofisini ana paswadi ileile, wakili wa upande wa pili hatahitaji kukuuliza zaidi. Na kama karatasi yenyewe imeshauzwa kwa kilo, hakuna pa kurudi. Sheria ya Ushahidi bado inaanza na karatasi halisi. Kopi yake inakubaliwa kwa masharti. Mtu akidai saini ya marehemu imeghushiwa, mtaalamu wa maandishi atataka kuona wino.

Kuna kisa kimoja kinachofaa binti akisikie. Mwaka 2013 Mjerumani mmoja mtaalamu wa kompyuta, David Kriesel, aligundua kwamba baadhi ya mashine za Xerox zilikuwa zinabadilisha tarakimu wakati wa kuskani. Alikuwa na ramani ya nyumba yenye vyumba vitatu vya ukubwa tofauti. Ilipotoka kwenye mashine vyumba vyote vitatu vilionyesha mita za mraba 14.13. Mashine ilikuwa inabana picha ili faili liwe dogo, ikawa inachukua alama moja na kuiweka mahali pa nyingine inayofanana nayo, sita ikageuka nane. Ukurasa ulitoka safi, hauna ukungu wala doa, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Kampuni ilitoa marekebisho baadaye. Sasa fikiria namba ya kiwanja, au kiasi cha deni, kwenye faili ambalo karatasi yake imeshafungiwa karanga.

Kwa hiyo tuje kwenye kuharibu, na hapa nataka nikae zaidi.

Umeandika "mafaili" kana kwamba ni kitu kimoja. Vilivyomo humo si vya aina moja. Hati za nyumba zilizoletwa na wateja si mali ya ofisi; ofisi inazishika tu kwa niaba ya wenyewe. Sijui wakili yeyote makini ambaye angetaka kuziteketeza, na nadhani hata binti akionyeshwa moja mkononi atashtuka. Hizo zinatafutiwa wenyewe, wanapigiwa simu, wanakuja wanasaini daftari kwamba wamepokea. Wosia halisi pia hauendi kwenye kilo. Mwenye wosia anaweza kuuchukua, au akaupeleka RITA, wakala wa serikali ambao kazi yao mojawapo ni kuhifadhi wosia, au ofisi ikaendelea kuutunza kwenye sanduku lisiloshika moto. Kesi zinazoendelea nazo karatasi zake zinabaki.

Zinabaki zile zilizokwisha. Hapo binti ana hoja nzuri, na inawezekana Baba hajaikubali bado. Madai ya mkataba kwa kawaida yana ukomo wa miaka 6 kufunguliwa mahakamani, ya kurudisha ardhi miaka 12. Kumbukumbu za kodi sheria inataka zitunzwe miaka 5. Faili la deni lililolipwa na kufungwa miaka ya tisini linaweza kuwa halina kazi tena, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi yenyewe haitaki watu washikilie taarifa za wenzao kupita muda unaohitajika. Lakini kusema faili fulani limekwisha kazi ni uamuzi wa wakili. Katibu muhtasi hawezi kuubeba, na mzee wa masijala hawezi, hata akiwa na uzoefu wa miaka mingapi. Mkilichambua kabati kwa namna hiyo, pengine mtakuta kinachopaswa kubaki kwenye karatasi kinatosha kabati moja. Je, chumba cha Mikocheni kinakataa hata kabati moja? Hilo ni swali unaloweza kumuuliza binti bila kumpinga kwa lolote.

Kuhusu wale vijana wa stesheneri, sina ubaya nao, wengi wananisaidia hata mimi kutoa kopi. Ila siri ya mteja haimfungi wakili peke yake. Inawafunga na makarani wake. Wewe umo. Vijana wa chini hawamo. Na tangu Mei 1, 2023 ile sheria ya taarifa binafsi inatumika, ipo na Tume ya kuisimamia, na anayekusanya taarifa za watu anatakiwa kujisajili na kuzilinda hata anapompa mwingine azichakate. Binti ni wakili, haya anayajua kuliko mimi. Ninachodhani ni kwamba hajawahi kuyatazama kwa jicho la ofisi yake mwenyewe, kwa sababu amebanwa na kodi.

Njia ya katikati ipo na si ghali kama ile ya kampuni. Skana ndogo yenye trei inayovuta karatasi zenyewe inaweza kununuliwa au kukodiwa ikakaa ofisini kwenu, mafaili yasitoke mlangoni. Kurasa za maandishi zinaskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi. Karatasi laini za kaboni na zilizochanika usizipitishe kwenye trei, zitaliwa; hizo ni za kulaza kwenye kioo moja moja. Usidanganyike na kasi iliyoandikwa kwenye boksi la mashine. Muda mwingi unaliwa na kutoa pini, kunyoosha kona, kufungua kamba zilizoganda, na kuhakikisha ukurasa wa nyuma haukusahaulika. Ofisi moja kwa makadirio yangu inaweza kuwa na karatasi 10,000 kwa kila kabati la droo nne, kwa hiyo nyinyi mna kama 40,000 bila maboksi ya juu. Hiyo si kazi ya wiki moja ya usiku. Anayekuambia ni ya wiki moja atakuwa anaruka kurasa, na wewe ndiye uliyeandikiwa neno "kikamilifu".

Hatari ya njia hii ni muda. Tarehe ya kuhama inaweza kufika kazi haijafika nusu. Ndiyo maana wengine huanza na kesi hai na mafaili ya ardhi, vilivyobaki wakaviweka kwa miezi michache kwenye stoo iliyofungwa. Stoo nayo ina gharama, na vitu vya miezi michache vina tabia ya kukaa miaka.

Akaunti ya barua pepe nitaipitia haraka. Akaunti ya bure ya Google, kwa mfano, inakupa GB 15, pamoja na barua na picha za mwenyewe. Karatasi 40,000 zikiskaniwa kwa rangi zinaweza kuzidi hapo kwa urahisi. Kubwa zaidi ni kwamba akaunti binafsi ni ya mtu. Akiugua, akigombana na baba yake, au simu yake ikiibiwa Ubungo, ofisi nzima imefungiwa nje. Na taarifa zinakuwa zimehifadhiwa nje ya nchi, jambo ambalo sheria yetu imeliwekea masharti. Ombeni akaunti ya ofisi, kila mtu na paswadi yake na namba ya uthibitisho inayokuja kwenye simu yake, na kijana wa mahakamani asiweze kufungua wosia. Wekeni nakala nyingine kwenye diski ya nje iliyofungwa kwa paswadi, na diski hiyo ichomolewe baada ya kunakili, ikakae jengo jingine. Kuna virusi vinavyofunga mafaili yote ya kompyuta na kudai pesa, na diski iliyoachwa imechomekwa hufungwa pamoja nayo.

Sasa Baba.

Mwanangu, umeandika kwamba ukikubali kuskani unamtoa kazini. Ningependa tulitazame tena hilo. Umeniambia mwenyewe kwamba mteja akiingia, Baba anajua droo. Kompyuta haijui. Programu ya kusoma maandishi ndani ya picha inaweza kukutafutia jina kwenye barua iliyochapwa vizuri, lakini hati ya mwaka 1989 iliyoandikwa kwa mkono, au kopi ya kaboni iliyofifia, huenda isiisome vizuri. Mtakuwa na mafaili elfu kadhaa yanayoitwa "skani 001", "skani 002", na ya nani ni nani hakuna ajuaye. Kila faili linahitaji jina: mwaka, namba ya masijala, jina la mteja, aina ya shauri. Linahitaji mtu wa kusema kwamba huyu Bi Mwanaidi wa faili hili ndiye yule wa faili lile la mirathi, na kwamba boksi la tatu lilichanganywa wakati ofisi inapakwa rangi. Huyo mtu mnaye, na sioni mnavyoweza kulifanya zoezi hili bila yeye mkapata kitu kinachotumika. Inawezekana binti hajawahi kuelezwa hivyo. Ameona mzee anayekataa, hajaona mzee ambaye bila yeye pesa ya skana inapotea.

Lakini sitakuficha hatari ya pande zote. Baba anaweza kukataa tu, na ana haki ya kuumia. Au anaweza kukubali, akatoa yote aliyonayo kichwani, kisha mwisho wa zoezi akaambiwa ahsante na kwaheri. Hilo lingeuma kuliko la kwanza, na wewe ungekuwa ndiye uliyemshawishi. Kwa hiyo kabla hujamwomba chochote, ni vizuri ujue kutoka kwa binti nini kinamsubiri. Ikiwa yeye ni mwajiriwa, nafasi yake haiondolewi kwa kunong'onezana pembeni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mwajiri anayepunguza kazi atoe taarifa, aeleze sababu, na ashauriane na anayehusika. Kuna na kiinua mgongo kwa miaka aliyotumika, angalau mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, mpaka miaka 10. Sisemi uende ukamsomee binti sheria. Nasema habari ya ajira ya Baba inapaswa kufika kwa Baba kutoka kwa mwajiri wake, na wewe usikubali kuwa ndiyo njia ya kupitishia.

Cheo ulichoahidiwa usikionee haya. Ada ya mtoto ni ada ya mtoto. Ila jiulize, na ujijibu mwenyewe bila mtu kukusikiliza: ungekitaka hata kama Baba angebaki? Kama jibu ni ndiyo, basi wewe na yeye hamgombei kitu kimoja, na unaweza kumkalisha chini ukamwambia hivyo. Na ahadi yenyewe iko kwenye maandishi, au ni ya pembeni kama habari ya Baba? Anayekuambia mambo mawili makubwa pembeni anaweza asiyakumbuke yote mawili kwa pamoja.

Tumebakiza karatasi ya kusaini. Nimehesabu njia kadhaa, na kila moja ina mwiba wake. Unaweza kusaini kama ilivyo. Utakuwa umemaliza ugomvi, na siku mwenye hati akija na mwanasheria mwingine, karatasi pekee yenye jina itakuwa ni yako. Unaweza kukataa kabisa. Dhamiri itatulia, lakini binti anaweza kukuona mkaidi wakati yeye mwenyewe hajui kwamba kuna tatizo. Unaweza kumfuata Wakili mzee nyumbani. Ni ofisi yake, na jina lililo kwenye mhuri ni lake. Lakini anaumwa, na binti akijua umempita juu ataliona kama usaliti, hata kama ulichosema ni kweli.

Au unaweza kumpelekea binti karatasi nyingine badala ya ile. Daftari lenye safu: namba ya faili, idadi ya kurasa zilizohesabiwa kwa mkono, nani kaskani, nani kalinganisha na karatasi, na safu ya mwisho, nani kaamua liharibiwe na tarehe gani. Safu hiyo ya mwisho inasainiwa na wakili. Wewe unasaini pale ulipofanya kwa mkono wako na kuona kwa jicho lako. Baba anaweza kusaini pale alipotambua faili. Zinazoharibiwa zinapitishwa kwenye mashine ya kukatakata, ofisini, mbele ya watu wawili, wala hazitoki kwenda kwa mtu wa kilo. Binti akilipokea hilo, umemsaidia kujilinda pia. Akilikataa akasema saini ile ya kwanza tu, utakuwa umejua jambo ambalo leo hulijui, na uamuzi utakaobaki utakuwa wa aina nyingine, ambao sitaki kuufanya kwa niaba yako nikiwa sijakaa kwenye kiti chako wala sijui una akiba ya miezi mingapi.

Kuhusu Baba, kama ningekuwa karibu yako ningekuomba umwendee mapema kabla hujaongea na binti, saa ambayo hakuna mteja. Usianze na kompyuta. Mwulize ni mafaili yapi humo ndani ambayo yeye mwenyewe, kwa elimu yake ya Tabora, angeyatoa kwanza. Kuondoa mafaili yaliyokwisha muda ni sehemu ya kazi aliyoisomea, na pengine kwa miaka yote hii hakuna aliyewahi kumuuliza.

Jambo moja barua yako haikuniambia. Je, Wakili mzee anajua kuna karatasi ya kusaini, na kwamba imechapwa kwa jina lako peke yako? Ukishajua, niandikie tena.